Sakafu ya Mita Tisa

Mnanicheka kwa sababu ya chupa. Nimewasikia. Jumamosi iliyopita niliposhuka bichi kununua kambare, mmoja wenu alisema, "Mzee Murithi amekuja na maabara yake," mkaangua kicheko, nami nikacheka pia. Mtu wa umri wangu anayetembea na chupa ya soda iliyofungiwa jiwe na kamba yenye mafundo anachekesha kweli, sikatai. Lakini mwingine wenu akaichukua akitaka kuisuuza, nikamnyang'anya kwa ukali. Ndiyo sababu naandika. Sikupenda kuwafokea. Siku hizi kila boti ya Kiambere ina fainda, ile mashine ya kutafutia samaki, na sijasikia mtu akiwaeleza inaweza kumfanyia mwenye nayo nini. Mimi ilinifanyia, au niseme ukweli, mimi ndiye niliyejifanyia nayo.

Nianze na jambo la kazi kabla sijafika penye uchungu.

Maji ya bwawa letu la Kiambere si maji mamoja. Miezi ya jua kali, maji ya juu huwa ya vuguvugu, unaweza kuyaoga bila kushtuka. Ukiteremka, joto linaendelea vilevile, vilevile, halafu ghafla unakuta baridi, kama mtu aliyetoka hapa Mbeere na shati jepesi akashukia jioni kwenye baridi ya kwetu Kiirua. Hapo katikati kuna tabaka jembamba. Samaki hukaa juu yake na hupenda kukaa karibu nalo. Chini yake hewa imekwisha, na maji yananuka yai viza. Ukitega wavu huko utaupandisha mtupu, na harufu itakufuata mpaka nyumbani. Mvuvi anayejua tabaka hilo liko wapi anajua nyavu zake zining'inie wapi. Asiyejua anabahatisha.

Mimi nilikuwa mbahatishaji. Nilitoka Kiirua nikiwa kijana, nimezaliwa kwenye viazi, na maji mengi niliyowahi kuyaona yalikuwa ndani ya pipa. Siku ya kwanza kupanda mtumbwi niliketi katikati nimeshika pande zote mbili, nikaambiwa nikasie, nikajibu kwamba sina mkono uliobaki. Aliyekuwa mbele ya mtumbwi huo alicheka hadi akaweka kasia chini. Alikuwa mtu wa kutoka kule ziwa kubwa la magharibi, mmoja wa wale waliokuja kutufundisha uvuvi bwawa lilipokuwa bado jipya na sisi wenyeji tukiliogopa. Tulimwita Baba Akinyi, kwa jina la bintiye wa kwanza. Mkewe na watoto walibaki kwao, naye alikuwa akienda kuwaona mara mbili kwa mwaka, Krismasi na wakati wa kupanda. Siku nyingine zote, yaani karibu maisha yake yote ya kazi, alikaa nasi. Mimi aliniita Viazi mpaka mwisho.

Chupa ni yake. Jiwe limefungwa kitakoni ili izame. Mdomo umezibwa kwa kipande cha gunzi la mahindi, na gunzi lina uzi wake mwembamba. Kamba kubwa ina fundo kila pima moja, na pima ni mikono yake mwenyewe ikinyooshwa huku na huku. Unateremsha mpaka fundo unalotaka, unavuta uzi kwa ghafla, gunzi linachomoka, mapovu yanapanda. Unasubiri yaishe, unapandisha haraka. Kisha unamimina maji shavuni. Si kiganjani, kiganja cha mvuvi kimekufa zamani. Shavuni, halafu unanusa. Fundo la nne, vuguvugu. Fundo la tano, baridi kidogo. La sita, baridi na yai viza.

"Pima tano," alikuwa akisema. "Hapo ndipo mlango. Funga nyavu ziishie juu ya mlango, omera, ndugu yangu. Usiwapelekee samaki nyavu mahali hawaishi."

Mara ya kwanza kufanya mwenyewe nilisahau kunusa nikaonja. Nilitapika ndani ya mtumbwi, na kwa wiki nzima kila aliyepita bichi aliniuliza kama nimekunywa chai.

Tulivua pamoja hivyo miaka mingi. Nimepeleka watoto shule kwa chupa hiyo. Naandika haya msije mkadhani nilikuwa mtu asiyefundishwa.

Fainda iliniletea Kendi, binti yangu, anayetengeneza simu Meru mjini, upande wa Kinoru. Mteja wake mmoja aliyekuwa akihama nchi alimwuzia. Alinifundisha kuiwasha, kuning'iniza kile kijicho chake majini, na kusoma namba. Nilivyoipenda! Picha iliyokuja nayo ilikuwa ndogo mno kwa macho yangu, maana mashine ilijaribu kuonyesha kina chote kwa pamoja. Nikabofya huku na huku hadi nikapata mahali pa kuchagua kina cha kuonyeshwa, nikaweka mita kumi na tano. Picha ikawa kubwa, ikawa safi. Siku hiyo nilijiona fundi, na sikuigusa tena sehemu hiyo. Shikeni neno hili la mita kumi na tano.

Kila nilipokwenda katikati ya bwawa niliona mstari kwenye mita tisa. Ulilala kama mkeka, kutoka upande huu wa skrini hadi ule. Juu ya mstari, samaki. Chini ya mstari, hakuna kitu. Mngesema ni nini? Mimi nilisema ni chini. Ni sakafu ya bwawa. Nikatega nyavu ziishie juu kidogo ya mita tisa, na nikapata ngege mpaka boti ikainama. Wiki ya kwanza nikapata, ya pili nikapata. Kosa lililokuwa likinilisha lingenishtua vipi?

Mtaniuliza, na nanga je? Kule katikati hatukutia nanga. Tulifunga boti kwenye miti mikavu iliyotokeza vichwa, ile ya mashamba yaliyozamishwa. Sikuwa na sababu ya kugusa ardhi kwa kamba, maana niliamini nilikuwa nikiiona kwa macho.

Baba Akinyi alikuja akasimama nyuma yangu siku moja, akaitazama skrini kwa muda mrefu.

"Huo mstari ni nini, Viazi?"

"Ni chini."

"Hapo si chini. Hapo ni mlango."

"Mashine inasema ni chini."

"Mashine imewahi kuoga?"

Wenzetu walicheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia mbele ya watu kwamba dunia imesonga, kwamba yeye abaki na chupa yake kama ya dawa ya kikohozi. Akasema, "Sawa, mwalimu," akaenda kuketi kwenye boti yake. Tangu siku hiyo kila mmoja alivua peke yake. Tulisalimiana, tulipeana chumvi na kiberiti, lakini hatukupanda boti moja tena. Yeye alipata samaki kwa pima tano. Mimi nilipata samaki kwa mita tisa. Pima moja ni karibu mita mbili kasoro kidogo. Zidisheni wenyewe. Mtoto wa darasa la tano angetuambia kwamba tulikuwa tukigombana juu ya mahali pamoja, lakini sisi tulikuwa wazee wawili wenye kiburi na hatukumwita mtoto wa darasa la tano.

Upepo ulimkuta Baba Akinyi siku moja saa nane mchana, akishusha nyavu peke yake karibu na mti mkavu tunaouita Mwalimu kwa vile umesimama wima kuliko mingine. Nilikuwa ufukoni nikiparua samaki. Nilisikia watu wakipiga kelele, nikainua kichwa, nikaona boti yake imelala kifudifudi na mawimbi yakiipiga. Tulipofika palikuwa na kasia, kofia yake, na chupa ikielea, mdomo umezibwa kwa gunzi, jiwe limekatika. Nyavu hazikuwepo. Zilikwenda naye. Alikuwa mwogeleaji kutushinda sote, lakini mtu aliyezungukwa na wavu wake mwenyewe hana mkono wala mguu.

Tulingoja siku tatu apande, kama maji yanavyowarudisha watu. Hakupanda. Tukajua ameshikwa na nyavu kwenye mashina ya ile miti ya zamani. Basi kazi ikawa kumfuata, na kazi hiyo nilipewa mimi, kwa sababu nilikuwa rafiki yake, na kwa sababu nilikuwa na mashine.

Tulichomelea ndoano kubwa kwenye vipande vya nondo, tukazifunga kamba, boti nne zikapanga mstari zikikokota. Niliwapimia kamba mwenyewe. Mita tisa na nusu. Mzee Njeru wa upande wa Mbeere, aliyelima mtama katika bonde lile kabla halijazama, aliniambia, "Ongeza kamba. Nakumbuka hapa palikuwa na mteremko." Nikamkatalia. Nilimwonyesha mstari. Nilimwambia tukiongeza, ndoano zitanasa kwenye visiki tuzipoteze zote, na tutamtafuta na nini? Hata leo nikiisikia hoja hiyo masikioni naiona ni hoja nzuri. Wote walikubali.

Siku tano tulikokota. Ndoano zilipanda safi. Vijana wangu, hili ndilo linaloniamsha: zilipanda safi. Sakafu gani ya bwawa isiyo na matope? Niliziona kwa macho haya, zinang'aa kama zimetoka dukani, nikazirudisha majini.

Mama Akinyi alifika siku ya pili ya kukokota, baada ya kusafiri usiku na mchana. Sikuwahi kumwona, nilimjua kwa sauti ya simu tu. Alikuwa na blanketi la kijivu lililokunjwa vizuri, la kumfunika mumewe. Aliketi kwenye mawe ya ufukoni blanketi likiwa mapajani, na hakulilaza chini hata alipokula. Jioni tulipoburuta boti nje aliniuliza swali moja tu.

"Shemeji, mmefika chini?"

"Tumefika chini, Mama."

Kesho yake vilevile. Kesho kutwa vilevile. "Mmefika chini?" "Tumefika chini." Alikuwa mke wa mvuvi, alijua la kuuliza.

Jioni ya siku ya tano hakuuliza. Alisema, "Basi. Nitafutieni tunda la yago." Hatukuelewa. Akatueleza, refu, zito, la kijivu, linaning'inia kwa kikonyo kama kamba. Kwao, mtu akipotea na mwili usipatikane, tunda hilo huzikwa badala yake ili nyumba yake isibaki bila kaburi. Ndipo nikajua anasema muratina. Huku kwetu tunda hilo tunalijua kwa pombe ya asali, na kweli mmoja wetu alininong'oneza, "Huyu mama anataka kupika pombe ya matanga?" Nilimwambia anyamaze. Nikashuka mtoni, nikazunguka mti mmoja na mwingine, nikichagua. Nililia huko. Sijui ni nini hasa kilichoniliza; nadhani ni kule kulinganisha matunda, hili fupi, hili jembamba, kana kwamba nilikuwa nikimchagulia mtu suti. Nikakata moja lenye urefu wa mkono wangu. Mama Akinyi alilipokea akalifunga ndani ya lile blanketi.

Nilikwenda naye mpaka kwao. Tulizika tunda. Watu waliimba, mchungaji alisoma, Akinyi mwenyewe, mwanamke mzima mwenye watoto, aliweka udongo. Waliniomba niseme neno kwa niaba ya wavuvi wa Kiambere. Nilisimama nikasema tulimtafuta mpaka mwisho wa maji. Walinishukuru kwa kupiga makofi.

Miezi saba baadaye Kendi alikuja likizo akataka kuona mashine yake inavyofanya kazi. Nikampeleka hadi kwenye ule mti, Mwalimu, maana ndipo nilipozoea kwenda kukaa. Akachukua fainda akaitazama, akakunja uso.

"Baba, mbona umeiweka fifteen? Hapa haioni mbali. Wacha niiweke ijichagulie."

Akabofya. Picha ikajivuta, ikawa ndogo kama siku ya kwanza. Mstari wa mita tisa ulikuwa palepale, mwembamba, wa ukungu ukungu. Chini yake, mbali sana, ukatokea mwingine, mnene, mweusi, unaopanda na kushuka. Namba ikasimama kwenye ishirini na sita. Juu yake palikuwa na vitu vimesimama wima kama vidole, mashina, na kati ya mashina kitu kimejitanda kama wavu.

"Ona!" Kendi akafurahi. "Chini ndiyo hiyo! Hii ya juu ni maji tu, ni ile baridi inagongana na moto. Si nilikuambia ni mashine safi?"

Nilimwambia ni safi. Nilimwambia upepo unakuja, turudi. Hajui mpaka leo nilichoona, na ninyi mkikutana naye msimwambie.

Sasa sikieni, na hapa nawafokea kwa makusudi. Msiifungie mashine kina cha kupendeza macho. Iacheni ifike chini kwanza, ndipo mkuze picha. Mkitaka kuuona mlango, pandisheni polepole nguvu ya kusikia ya mashine mpaka ukungu mwembamba utokee katikati ya maji. Hapo ndipo mtege juu yake. Na msiuchanganye na ardhi. Ardhi ni nene na ina vilima. Mlango umelala sawa hata bonde likishuka chini yake. Ukiona sakafu isiyo na mteremko hata kidogo, ujue hujafika. Baridi ya Julai ikija na upepo, mlango huo huvunjika, maji ya chini yakapanda, na mashine itawachanganya. Wakati huo tumieni shavu. Na ndoano ikipanda bila matope, ongezeni kamba. Hata aliyewapimia akiwa mzee kama mimi na amekasirika, ongezeni kamba.

Kendi alipoondoka, nilikaa na nilichokiona wiki mbili. Nilinunua kamba ya mita arobaini, nikaipiga fundo kila mita, nikaiweka uvunguni. Ningeweza kwenda kumtoa, au kutoa kilichobaki. Lakini alikuwa tayari ana kaburi, na ndani yake kuna tunda. Ningempeleka wapi? Mwishowe nilipanda boti asubuhi moja, nikakaa karibu na Mwalimu, nikampigia Mama Akinyi.

"Shemeji," akasema, "habari za huko?"

"Mama, hatukufika chini."

Nikamweleza. Nilimweleza yote, mita kumi na tano, kamba niliyoipima mwenyewe, Mzee Njeru, ndoano zilizong'aa. Hakunikatiza. Nilisikia kuku upande wake.

"Yeye alikuwa amekuambia? Kwamba hapo si chini?"

"Aliniambia."

"Na wewe ukakataa."

"Nilikataa, Mama."

Kisha akauliza ni mita ngapi basi, nikamwambia ishirini na sita. Akauliza kama huko ni baridi. Nikamwambia ndiyo, ni baridi.

"Shemeji, usimtoe. Mimi nimeshamzika na siwezi kumzika mara mbili. Lakini ile swali yangu nilikuuliza jioni tatu, ukanijibu uongo. Sasa teremsha kamba yako mpaka ifike. Usivute kitu. Ifike tu. Halafu uniambie."

Sikuwa na ndoano, na nisingezitumia. Nilikuwa na chupa yake, niliyoifunga jiwe jipya na ile kamba ndefu. Niliweka simu kwenye ubao, nikateremsha. Kamba ilipita mahali pa mita tisa bila kugusa kitu. Ikaendelea kwenda, na mikono yangu ikaendelea kuiachilia, nikawa nahesabu kwa sauti ili asikie. Ilipofika ishirini na sita ikalegea. Nikaiacha hapo kidogo. Nikapandisha taratibu. Jiwe lilipotoka majini lilikuwa jeusi kwa matope, chupa yenyewe imepakwa mpaka shingoni; ndiyo matope niliyomzuia mwenzenu kuyasuuza.

Nikachukua simu.

"Mama Akinyi," nikasema, "tumefika chini."

"Asante, shemeji," akasema. "Sasa nenda nyumbani."